Kanisa lililobaki nusu: Fotheringhay na majengo yake kando ya mto Nene

SWALI: Naishi Peterborough na familia yangu. Jumapili moja tuliendesha gari hadi kijiji kinachoitwa Fotheringhay, kando ya mto Nene. Nyumba ni chache sana, lakini kanisa ni kubwa kama la mjini, na ukilitazama vizuri unaona kama limekatwa upande mmoja. Mwenyeji mmoja alituambia kwamba hapo ndipo ilipokuwa ngome alimokatwa kichwa Malkia Mary wa Scotland, na kwamba mwanawe alipopata ufalme aliibomoa ngome yote kwa hasira. Sisi tuliona kilima cha majani na kondoo tu. Kanisa kubwa hivyo lilijengwa kwa ajili ya nani? Nani alilikata? Hiyo habari ya hasira ni kweli? Na kuna nini kingine tulichokipita bila kujua?

JIBU: Dada yangu, hukuona vibaya. Kanisa la Fotheringhay limekatwa kweli, na sehemu mliyoingia ndiyo iliyobaki ya jengo refu zaidi lililokuwa likisimama hapo mpaka katikati ya karne ya 16. Aliyelikata utamjua mara ukishajua jambo moja ambalo wageni wengi hawaambiwi: jengo lile lilikuwa na wenyewe wawili. Upande wa magharibi, wenye mnara, ulikuwa wa wanakijiji. Upande wa mashariki ulikuwa wa jumuiya ya mapadri waliowekwa na ukoo wa York ili wawaombee wafu wa ukoo huo usiku na mchana. Serikali ilipozifuta jumuiya za namna hiyo ilitwaa na mali zao, na jengo la mapadri likawa mali ya kuuzwa. La wanakijiji halikuguswa. Ule ukuta wa mashariki uliokushangaza umesimama pale pale ulipokuwa mpaka wa mali za watu wawili.

Sasa tuanze na mto, kwa sababu bila mto pasingekuwa na kitu hapo. Nene unatoka upande wa Northampton, unapita Oundle, unaizunguka Fotheringhay, unashuka hadi kwenu Peterborough na kumwaga maji yake kwenye ghuba ya Wash. Bonde lake ni pana na tambarare, na siku za mvua nyingi malisho ya kandokando hugeuka ziwa. Aliyemiliki mahali pa kuvukia alimiliki njia. Ndiyo maana karibu na mwaka 1100 bwana mmoja wa Kinormani, Simon de Senlis, Earl wa Northampton na Huntingdon, alijenga ngome ukingoni. Watu wake walirundika udongo mpaka ukawa kilima, wakaweka boma juu yake, wakachimba mahandaki upande wa nchi kavu na kuuachia mto ulinde upande wa pili. Kilima hicho ndicho mlichokiona kimejaa majani. Kimetengenezwa kwa mikono ya watu, na kina umri wa zaidi ya miaka 900.

Simon alipofariki, mjane wake Maud aliolewa na David, ambaye mwaka 1124 alitawazwa kuwa mfalme wa Scotland. Kwa njia hiyo ngome ya katikati ya Uingereza ikaingia mikononi mwa nyumba ya kifalme ya Scotland kwa miaka mingi. Liweke hilo akilini. Tutakapofika kwa Mary utaona kwamba alifia katika ngome ambayo wazee wake waliwahi kuimiliki.

Kijiji kilipata utukufu wake mwaka 1377, Mfalme Edward III alipompa ngome mwanawe Edmund wa Langley. Edmund ndiye aliyekuwa Duke wa kwanza wa York, na kuanzia kwake Fotheringhay ikawa nyumbani kwa ukoo huo. Alama yao ilikuwa kozi, yule ndege mwindaji, akiwa ndani ya pingu ya kufungia farasi. Mkienda tena, inueni macho juu kabisa ya mnara wa kanisa: kile kionyesha upepo cha rangi ya dhahabu ni kozi ndani ya pingu yake.

Mtoto wa Edmund huyo, Edward, Duke wa pili, aliianzisha rasmi jumuiya ya mapadri mwaka 1411. Hesabu yake ilikuwa mkuu mmoja, mapadri 12, makarani 8 na watoto 13 wa kuimba. Pima idadi hiyo na ukubwa wa kijiji. Kazi yao ilikuwa ibada isiyokatika: kuimba saa za sala, kusoma misa, kuwataja wafu wa nyumba ya York kwa majina. Watu wa wakati ule waliamini kwa moyo wote kwamba roho ya marehemu husafishwa toharani, na kwamba sala za walio hai humpunguzia muda wake huko. Tajiri aliyekuwa na uwezo alinunua ardhi, akaiweka wakfu, na mapato yake yakawalisha mapadri ili wamwombee daima. Kanisa kubwa la Fotheringhay ni tunda la imani hiyo. Lilijengwa kwa ajili ya wafu wachache wa ukoo mmoja wenye nguvu.

Edward mwenyewe hakuona likikamilika. Alikufa katika vita vya Agincourt, Ufaransa, tarehe 25 Oktoba 1415, mwili ukarudishwa nyumbani na kuzikwa katika upande wa mapadri, ambao ndio uliotangulia kujengwa. Upande wa wanakijiji ulingoja hadi mwaka 1434, na hapa tuna bahati ambayo wanaosoma majengo ya kale huiota: mkataba wa ujenzi umehifadhiwa.

Mkataba ni wa tarehe 24 Septemba 1434. Mwashi ni William Horwood, mkazi wa Fotheringhay. Anayejenga ni Richard, Duke wa tatu wa York, kijana wa miaka 23, akiwakilishwa na watu wake wawili. Horwood anatakiwa ajenge ukumbi wa waumini na mnara, vilingane na upande wa mapadri uliokwisha kusimama, kwa malipo ya pauni 300. Usafiri, chokaa, mchanga, mbao, kamba na ngazi vyote ni juu ya Duke. Idadi ya waashi haiamui yeye. Itaamuliwa na msimamizi wa Duke, wasizidi wala wasipungue. Mnara umeelezwa kwa urahisi unaopendeza: uanze na pande nne, na ukifika kimo cha ukumbi ugeuzwe uwe wa pande nane. Ndivyo ulivyo hadi leo. Ukisimama chini yake unaona mraba mzito, juu yake taji jepesi la pande nane lenye madirisha marefu, karibu yote mwanga.

Kuna sharti moja ambalo kila nikilisoma namhurumia Horwood. Asipomaliza kazi kwa wakati, au akishindwa kuwalipa mafundi wake, atautoa mwili wake gerezani kwa ridhaa ya Duke, na mali zake zote zitakuwa mikononi mwa Duke. Fundi aliweka rehani uhuru wake kwa ajili ya ukuta. Tazama basi kazi aliyoifanya: zile nguzo nyembamba, yale madirisha makubwa ya juu, na zile mbavu za mawe zilizopinda kwa nje kuegemea kuta. Mbavu zile zina kazi. Kuta zimetobolewa madirisha mengi mno hata haziwezi peke yake kuhimili msukumo wa paa kwenda nje. Tao la mawe linaupokea msukumo ule, linaupitisha juu ya paa la pembeni na kuushusha ardhini. Kwa njia hiyo kanisa la shamba likapata mwanga wa makanisa makuu ya mijini. Miaka karibu 600 imepita na bado vinasimama.

Richard huyo, Duke wa tatu, ndiye aliyedai kiti cha ufalme na kuwasha vita virefu kati ya ukoo wa York na ukoo wa Lancaster. Mke wake Cecily Neville alimzaa ngomeni hapo, tarehe 2 Oktoba 1452, mtoto ambaye baadaye alikuwa Mfalme Richard III. Duke mwenyewe aliuawa vitani Wakefield tarehe 30 Desemba 1460 pamoja na mwanawe Edmund, na wakazikwa Pontefract bila heshima ya hadhi yao. Miezi michache baadaye mwanawe mkubwa akawa Mfalme Edward IV, na mwaka 1476 akaamua kuwarudisha nyumbani.

Msafara uliondoka Pontefract Julai 1476 ukafika Fotheringhay tarehe 29 ya mwezi huo. Aliyeuongoza ni Richard, Duke wa Gloucester, akiwa na miaka 23, akirudi na mwili wa baba yake kwenye kijiji alichozaliwa. Mfalme aliupokea mlangoni mwa uwanja wa makaburi ya kanisa akiwa katika vazi la msiba. Kesho yake baada ya mazishi palikuwa na karamu ya maelfu ya watu, mahema yamepigwa uwanjani, na kila maskini aliyefika alipewa peni moja, mjamzito akapewa peni mbili. Mnaposimama kwenye malisho yale ya kondoo, jaribuni kuyaona yamejaa watu namna hiyo. Ukimya wa leo unadanganya.

Kutoka zama hizo kuna kitu ndani ya kanisa ambacho pengine mlikipita: mimbari. Ni ya mbao iliyopakwa rangi, zawadi ya Edward IV, na juu yake kuna nembo ya kifalme pamoja na wanyama wa nyumba ya York: simba, fahali, na nguruwe mweupe wa Richard wa Gloucester. Alama ya nguruwe ilifutwa mahali pengi baada ya Richard kuuawa Bosworth mwaka 1485, kwa kuwa hapakuwa na aliyetaka kuonekana bado yu upande wake. Hapa imesalimika.

Cecily Neville aliishi kuwaona wanawe wote wa kiume wakizikwa, akafariki mwaka 1495 na kulazwa kando ya mumewe. Baada yake ukoo wa York hauna tena habari ya kuandika. Ukoo mwingine, wa Tudor, ulikuwa umetwaa ufalme.

Hapo ndipo tunafikia kukatwa kwa kanisa. Mwaka 1547, mwanzoni mwa utawala wa mtoto Edward VI, Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta jumuiya zote zilizowekwa kuwaombea wafu. Kwa mafundisho mapya ya Kiprotestanti toharani haikuwapo, kwa hiyo sala hizo zilihesabiwa kuwa upotofu, na wakfu wake ukawa mali ya serikali. Dini ilikuwa sababu ya kweli kwa baadhi ya watu. Fedha ilikuwa sababu ya kweli kwa wengine. Mwaka 1553 mali ya mapadri wa Fotheringhay ilipewa John Dudley, Duke wa Northumberland, mtu aliyekuwa akiitawala nchi kwa niaba ya mfalme huyo mtoto.

Ukitaka kuliua jengo la mawe huhitaji nyundo kubwa. Anza na paa. Mapaa ya makanisa makubwa yaliezekwa kwa karatasi nzito za risasi, madini yanayoyeyushwa kwa urahisi na kuuzwa siku hiyo hiyo. Risasi ikitoka, mvua huingia kwenye mbao. Mbao huoza, huanguka na kuvuta sehemu ya kuta. Maji hupenya katikati ya ukuta, hugandamana majira ya baridi, yakatanuka na kuyafungua mawe. Baada ya miaka michache kilichobaki ni machimbo ya mawe yaliyokwisha chongwa, na kila jirani anakuja na mkokoteni wake. Ndivyo ulivyokwenda upande wa mashariki wa Fotheringhay. Wanakijiji waliziba tao lililokuwa likiunganisha pande mbili, wakaendelea na ibada zao ndani ya kile kilichokuwa chao. Zungukeni nje hadi upande wa mashariki muutazame ukuta huo kwa karibu: alama za mahali kuta za zamani zilipoungana na jengo bado zinasomeka.

Makaburi ya ukoo wa York yalibaki wazi kwenye magofu, kwenye mvua. Malkia Elizabeth I alipopata habari aliona aibu, kwa kuwa waliolala pale walikuwa wazee wake mwenyewe. Yeye alikuwa kilembwe cha yule Richard aliyezikwa mwaka 1476. Akaamuru mabaki yahamishiwe ndani na wajengewe makaburi ya kumbukumbu. Ndiyo yale mawili yaliyo kulia na kushoto kwa altare, ya mwaka 1573. Moja ni la Edward wa Agincourt, lingine ni la Richard, Cecily na mtoto wao Edmund. Kwa watu wa cheo chao ni makaburi ya kawaida mno, hayana hata sanamu ya marehemu aliyelala. Mimi nayapenda hivyo hivyo. Ni kazi ya mtu anayerekebisha jambo lililokwisha kuharibika.

Miaka 14 baadaye Elizabeth huyo huyo alitia sahihi hati iliyomuua ndugu yake, Mary wa Scotland, umbali mfupi tu kutoka makaburi hayo.

Habari ya Mary imesimuliwa sana, nitaipitia haraka. Aliletwa Fotheringhay Septemba 1586 baada ya kukaa kifungoni Uingereza zaidi ya miaka 18. Ngome ilikuwa mali ya ufalme, mbali na bahari, imezungukwa na maji, rahisi kulindwa. Kesi yake ilisikilizwa humo tarehe 14 na 15 Oktoba, kwa shtaka la kushiriki njama ya kumuua Elizabeth. Hati ilitiwa sahihi tarehe 1 Februari 1587, na asubuhi ya tarehe 8 akakatwa kichwa juu ya jukwaa lililowekwa ndani ya ukumbi mkuu. Alikuwa na miaka 44. Damu ya Richard wa York ilikuwa ndani yake pia, kwani baba yake, James V wa Scotland, alikuwa kilembwe cha Richard kama Elizabeth alivyokuwa. Na kupitia nyumba ya Scotland alitokana na yule David aliyemwoa mjane wa mjenga ngome.

Sasa hiyo habari ya hasira. Inapendwa kwa sababu inaipa hadithi mwisho unaoridhisha: mtoto anapata ufalme, anaangamiza mahali mama yake alipouawa. Sikubaliani nayo, na sababu ni nyepesi. James, mtoto wa Mary, alipata ufalme wa Uingereza mwaka 1603, na mwaka huo huo akaigawa ngome kwa Lord Mountjoy na wenzake. Mtu mwenye kiu ya kubomoa hagawi. Kisha kuna ukaguzi wa mwaka 1625, mwaka aliofariki James, na unaielezea ngome ikiwa bado imesimama na ukumbi wake. Alitawala miaka 22 bila kuigusa. Alichomfanyia mama yake ni kingine: mwaka 1612 aliuhamisha mwili wake kutoka kanisa kuu la Peterborough na kumjengea kaburi la fahari Westminster Abbey, London.

Ngome ilikufa kifo kile kile cha kanisa. Ilikuwa kuukuu, ghali kuitunza, haina faida kwa mwenyewe, na mawe yake yalikuwa na thamani. Baada ya 1625 iliuzwa vipande vipande. Inaelezwa kwamba Sir Robert Cotton, mkusanyaji mashuhuri wa nyaraka za kale, alinunua sehemu za ukumbi mkuu akazipeleka nyumbani kwake Conington. Kufikia katikati ya miaka ya 1630 palikuwa gofu. Kilichobaki leo kando ya mto ni bonge moja la ukuta lililozungushiwa uzio wa chuma, na vibao vya kumbukumbu, kimoja cha Mary na kimoja cha Richard III. Kama mlikaa juu ya kilima tu, bonge hilo liko chini, karibu na maji.

Huko Oundle kuna hoteli ya Talbot inayojivunia ngazi ya mbao inayosemekana ilitoka ngomeni, na watu watakwambia ndiyo aliyoshuka Mary siku ya kufa kwake. Kwamba vitu vya ngome viliuzwa huku na huku ni kweli, na hoteli ilijengwa upya wakati huo huo. Lakini kutoka hapo hadi nyayo za Mary ni mbali, na ushahidi ninaoujua haufiki. Ngazi yenyewe ni nzuri, itazameni kwa uzuri wake.

Umeuliza mlichokipita. Cha kwanza ni viti. Mapadri wale walisimama saa nyingi kila siku, kwa hiyo viti vyao vya mbao vilikuwa vya kukunja, na chini ya kila kiti palikuwa na kibao kidogo cha kuegemea makalio huku mtu anaonekana amesimama. Mafundi walivichonga vibao hivyo kwa michoro ya kila aina, ikiwemo kozi na pingu. Kanisa lao lilipofutwa, viti havikuchomwa; vilitawanywa, na vipo hadi leo katika makanisa madogo ya Tansor, Hemington na Benefield, yote katika eneo hilo hilo. Tansor ni jirani kabisa. Ukiweka mkono kwenye kiti kimoja unagusa ile nusu ya kanisa isiyokuwapo.

Cha pili ni daraja mlilovuka. Ni la mwaka 1722, la matao manne, kazi ya George Portwood wa Stamford, na lilichukua nafasi ya daraja la wakati wa Elizabeth I. Simameni chini yake, upande wa malisho, mtazame kanisa. Mnara uko kushoto, ukumbi unaelekea kulia, na jicho linataka jengo liendelee kulia zaidi, kisha linakatika ghafla. Hakuna mahali pengine unapoelewa hasara hiyo kwa haraka namna hiyo.

Cha tatu kiko mtaani. Garden Farm, lile jengo la mawe lenye lango kubwa, lilikuwa nyumba ya wageni ya karne ya 15, ya kulaza waliokuja ngomeni wakakosa nafasi. Ni makazi ya watu, kwa hiyo litazameni kutoka barabarani. Na hapo mlipo barabarani, inueni macho kwenye mapaa. Katika bonde hilo utaona vigae vya mawe vinavyotoka Collyweston, kijiji kilicho karibu na Stamford, na jinsi vinavyopatikana ni jambo la kustaajabisha. Jiwe la chokaa lilichimbwa chini ya ardhi, likalazwa nje majira ya baridi na kumwagiwa maji lisikauke. Maji yaliyoingia kwenye matabaka yake yaliganda usiku, yakatanuka, yakalegeza tabaka moja kutoka lingine; kisha fundi akaligonga kwa nyundo nyepesi likafunguka kuwa vigae. Mwaka usio na baridi kali haukuwa na mavuno. Mwezekaji huweka vigae vikubwa chini, na kadiri anavyopanda vinapungua, mpaka vile vidogo kabisa karibu na kilele. Baridi ile ile iliyoyafumua magofu ya kanisa ndiyo iliyoziezeka nyumba za kijiji.

Ulitaja pia ukubwa wa kanisa dhidi ya uchache wa watu. Kijiji kina wakazi wapatao 120, na hilo ni tatizo la kweli. Kanisa limeorodheshwa katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria ya Uingereza, lakini kuorodheshwa hakuleti fedha. Makanisa ya Anglikana nchini humo hayatunzwi na hazina ya serikali. Mzigo wa paa, mifereji na mawe yanayoliwa na hali ya hewa uko juu ya baraza la parokia, yaani majirani wachache wanaochangisha, wanaoandaa matamasha ya muziki, wanaoomba ruzuku kwenye mifuko ya urithi. Hawawezi kubadili kitu bila kibali cha dayosisi, na ni haki iwe hivyo. Kile kisanduku cha sadaka mlangoni kinazuia maji yasifanye kwa mara ya pili yale yaliyofanyika karne ya 16. Tafadhali msikipite.

Watoto huuliza kama Richard III alirudishwa hapa, maana wamesikia mifupa yake ilifukuliwa Leicester mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari. Hapana. Kibali cha kufukua kilikuwa kimeielekeza Leicester, na alizikwa katika kanisa kuu la mji huo tarehe 26 Machi 2015. Udongo wa Fotheringhay ulichukuliwa ukanyunyizwa juu ya jeneza lake pamoja na wa Middleham alikoishi na wa uwanja wa vita alikouawa. Ndani ya kanisa la Fotheringhay anakumbukwa katika dirisha la vioo vya rangi la mwaka 1975 lenye nembo za ukoo wa York.

Na kwa kuwa mnaishi Peterborough, sehemu ya habari hii iko mlangoni kwenu. Mwili wa Mary ulikaa ngomeni karibu miezi 6 kabla ya kuzikwa katika kanisa kuu la mji wenu kiangazi cha 1587, na mahali palipokuwa kaburi lake pamewekwa alama. Aliyelichimba ni mzee Robert Scarlett, yule yule aliyemchimbia Katherine wa Aragon, mke wa kwanza wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1536. Picha yake, ameshika sepetu, iko juu ya ukuta wa magharibi. Mkiingia kwa mlango mkuu, geukeni nyuma ndipo mtaiona.